Kasuku Ndani, Mbwa Uani



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu wa madrasa, leo tunaomba tuzungumze jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Katika miezi michache iliyopita tumeulizwa swali moja na familia tatu tofauti hapa Kabuga, na kila familia ilidhani ni yake peke yake. Nyumbani kuna mbwa wa kulinda, na sasa ameletwa kasuku. Je, wawili hawa waweza kukaa katika boma moja bila madhara?

Hatushangai kwamba swali limekuja sasa. Kabuga ya leo si ile ya zamani. Upande huu wa Rusororo, ukitoka mjini Kigali kuelekea Rwamagana, palipokuwa na migomba na maharage leo pana kuta na malango mapya, na nyuma ya malango mengi pana mbwa. Baba anarudi usiku, mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, nyumba inabaki na watoto. Kasuku naye ana njia yake ya kutufikia. Wengi wetu tuna ndugu Goma, Bukavu na Uvira, wengine hadi Kindu kule Maniema, mji ambao moja ya komuni zake inaitwa Kasuku. Mgeni akitoka huko haji mikono mitupu. Zamani alileta mafuta ya mawese. Siku hizi mmoja mmoja huleta ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na watoto hawalali usiku huo.

Majibu ambayo watu hupeana mitaani ni ya namna mbili. La kwanza husema: mbwa ni najisi, mfukuze, kwisha maneno. La pili huja kwa simu: tazama video hii, kasuku amekaa juu ya kichwa cha mbwa, wanapendana kama ndugu. Sisi hatukubaliani na lolote kati ya hayo. Maoni yetu ni kwamba mbwa na kasuku waweza kuwa katika boma moja lakini si katika chumba kimoja, na kwamba nyingi ya nyumba zinazouliza swali hili hazikupaswa kuwa na kasuku huyo tangu mwanzo. Tutaeleza.

Tuanze na mbwa, kwa sababu ndiye anayeonewa zaidi.

Hadithi zinazojulikana, zilizopokewa na Bukhari na Muslim, zinaeleza kuwa anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu za amali zake kila siku kwa kiasi cha qirati, na katika riwaya nyingine qirati mbili. Waliotolewa katika hukumu hiyo ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba. Mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa kwa jina, na hapo ndipo wanavyuoni walipozungumza. Imamu Nawawi, ambaye ni mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliona kuwa kauli sahihi zaidi ni kuruhusu kwa kulinganisha na wale watatu, kwa sababu haja ni ile ile. Kwa hiyo mzee mwenye nyumba pembeni mwa barabara, anayeogopa wezi, hana haja ya kujificha anapokuja msikitini. Lakini ruhusa imekuja na sababu yake. Mbwa wa kulinda hulinda mlangoni. Halindi akiwa juu ya kochi, wala chini ya kitanda cha mtoto. Na tunazo hadithi nyingine za kutosha kuhusu Malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ndani yake. Hata yule mbwa wa watu wa pangoni, ambaye Qur'ani imemtaja katika Suratul Kahf, alilala kizingitini. Hili hatulitoi kama dalili ya hukumu, ni zuri la kukumbuka tu.

Kuhusu unajisi, kuna tofauti kati ya madhehebu ambayo vijana wetu wanapaswa kuijua ili wasigombane na ndugu zao waliosoma kwingine. Kwa Mashafi, na ndiyo njia waliyotuachia wazee wetu waliopokea dini kutoka pwani, mbwa mzima ni najisi. Kinachoguswa naye kwa unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwa Mahanafi najisi ni mate, si mwili. Kwa Wamaliki mbwa ni tohara, na kuosha chombo mara saba ni ibada tunayoitii bila kuuliza sababu. Hakuna hata madhehebu moja kati ya hayo iliyosema mbwa apigwe mawe, anyimwe maji, au afungwe mnyororo wa mita moja juani tangu asubuhi hadi jioni. Tunasema hivi kwa sababu tunayaona. Mtu akishasema "najisi" anadhani amepata kibali cha kutesa. Anasahau yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Allah akamsamehe dhambi zake kwa hilo.

Tukumbuke pia kwamba katika nchi hii neno mbwa lina uzito ambao haupo kwingine. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walibaki bila wenyewe barabarani, na yaliyotokea wakubwa wanayajua; hatutayaandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Wengi wa mbwa hao walipigwa risasi, na kwa miaka kadhaa baadaye Kigali ilikuwa karibu haina mbwa. Kwa hiyo bibi anayetetemeka anaposikia mbwa akibweka kwa jirani huenda hana habari na fiqhi wala hajali mara saba au mara moja. Aliye na mbwa katika mtaa wetu amchunge asizurure, na lango lake lifungike.

Na achanjwe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mtoto akiumwa, au hata akikwaruzwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha akimbizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipakwe mafuta, asifungiwe majani, asingojewe baba arudi.

Sasa kasuku.

Kufuga ndege kuna asili katika sunna. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, ndege alipokufa Mtume (S.A.W.) alimtania kwa upole ili kumwondolea huzuni. Ibnul Qass, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya nne Hijria, aliandika kitabu kizima cha mafundisho yanayotoka katika hadithi hiyo moja, akafikisha kama sitini. Moja yake ni kuwa ndege aweza kuzuiliwa nyumbani. Lakini wote waliosema inafaa wameweka sharti: alishwe, anyweshwe, asiteswe. Na sote tunajua habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie.

Tatizo letu ni aina ya ndege. Kasuku wa kijivu si kuku wala njiwa. Ni ndege wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi, huruka kwa makundi, huishi miaka 40 hadi 60 akitunzwa vizuri, na akili yake imewashangaza wanasayansi. Kule Marekani Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo, kwa miaka karibu 30 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Kiumbe wa namna hiyo ukimtia katika tundu la ukubwa wa ndoo, peke yake, karibu na mlango ambao mbwa anabweka nje yake mchana kutwa, atafanya nini? Atajinyonyoa manyoya. Kifua kitabaki uchi kama cha kuku aliyechemshwa, na watu watasema ana ugonjwa wa ngozi.

Isitoshe, ndege huyu anamalizwa. Ghana, ambako zamani makundi yake yalijaa, imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku hao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana mwaka 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg katika mkataba wa CITES yalikubaliana kumweka katika daraja la ulinzi wa juu kabisa, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilipigwa marufuku. Basi ndege aliyevushwa mpakani Goma ndani ya kikapu, chini ya kitenge, bila karatasi, si zawadi. Ni mali isiyo na njia ya halali. Tena kwa kila mmoja aliyefika mzima wako wengine waliokufia njiani kwa kiu na kubanana, na watekaji huwapaka gundi matawini au huwatoa makinda mvunguni mwa mti. Abu Daud amepokea kwamba Maswahaba walipochukua makinda ya ndege, mama yao akawa anapapatika juu yao, Mtume (S.A.W.) aliamuru yarudishwe.

Hapa Rwanda tumekwisha kuona kuwa jambo hili linarekebishika. Umusambi, yule korongo mwenye taji, alikuwa akifugwa majumbani na hotelini kama pambo la bustani, mabawa yakiwa yamekatwa au kuvunjwa. Hesabu ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa waliobaki porini nchini hawafiki 500. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake walikuwa wameanza mwaka 2014 kuwaomba watu wawasalimishe bila kuadhibiwa, na zaidi ya misambi 200 walitolewa majumbani. Walioweza kuruka walipelekwa Akagera. Wasioweza tena wanaishi katika Umusambi Village hapa Kigali, na familia yoyote yaweza kwenda kuwatazama. Tunawashauri wazazi wawapeleke watoto huko kabla ya kuwanunulia ndege wa tundu.

Baada ya hayo yote, najua (tunajua) wapo ambao ndege yuko ndani tayari, wengine ni kasuku wadogo waliozaliwa katika tundu, wengine kasuku wa kijivu aliyekaa na bibi miaka 20. Huwezi kumfungulia dirisha. Ndege aliyezoea kulishwa akiachwa hewani Kabuga atakufa kabla ya wiki kwisha. Huyo ni amana, na amana hulindwa. Hapo ndipo linapokuja swali lenyewe la mbwa.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Mbwa hahitaji kuwa mkali ili aue ndege. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hivi, chini ya nusu kilo ya sukari. Mbwa wa kilo 25 akimkanyaga kwa mchezo amekwisha. Na kinachomwamsha mbwa si hasira, ni mwendo. Kasuku akiwa ametulia juu ya kijiti mbwa anaweza kumtazama mwaka mzima bila kujali. Siku atakayoshtuka akapiga mabawa na kuanguka sakafuni, kile kitu kilicholala ndani ya mbwa huamka, na kinakwenda upesi kuliko ulimi wako wa kusema "acha". Ndiyo maana tunasema zile video ni hatari. Zinaonyesha dakika moja. Hazionyeshi dakika ya pili, na aliyepatwa na dakika ya pili hairushi mtandaoni.

Pili, mate. Hili watu wengi hawalijui. Kinywa cha mbwa, na zaidi cha paka, kina bakteria kama pasturela ambao mwili wa ndege hauwawezi. Jino likipenya kidogo tu, hata bila mfupa kuvunjika, ndege anaweza kufa kwa sumu ya damu ndani ya siku moja au mbili. Familia moja kati ya zile tatu ilituletea kasuku wao wakitaka asomewe. Kidonda kilikuwa chini ya bawa, kidogo kama punje ya mtama, na ndege alikuwa bado anapokea karanga. Walikuwa wamengoja siku nzima kwa sababu walimwona anakula. Tulisoma dua na tukawasindikiza kwa daktari wa mifugo, lakini usiku ule alikufa. Ndege huficha ugonjwa wake mpaka nguvu zimwishe. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: mdomo wa mbwa ukimgusa ndege, mtie katika boksi lenye kitambaa, lenye giza na joto la kiasi, na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Usimpe dawa za binadamu.

Na tusidhani mbwa hana hasara. Mdomo wa kasuku huvunja kokwa ngumu. Mbwa akisogeza pua kwenye tundu kwa udadisi anaweza kutolewa kipande cha pua, au jicho.

Basi nyumba ipangwe hivi. Mbwa akae uani, awe na kibanda chenye paa na sakafu iliyoinuka kutoka ardhini kwa sababu ya mvua zetu, na maji ya kila siku. Kasuku akae ndani, katika chumba chenye mlango unaofungwa, si ubarazani. Tundu liwe la chuma imara, pana kiasi cha ndege kunyoosha mabawa yote mawili bila kugusa pande, liwekwe juu ya meza nzito au lifungwe ukutani kwa urefu wa macho ya mtu mzima, upande mmoja ukielekea ukuta ili ndege ahisi ana mgongo. Wengi hutengeneza tundu kwa waya wa kuku. Huo haufai kwa sababu mbili: ukucha wa mbwa huupasua, na zinki iliyopakwa juu yake ni sumu kwa kasuku ambaye siku nzima anatafuna waya. Kitasa nacho kiwe cha kufungwa kwa kufuli au kulabu, maana kasuku hujifunza kufungua kitasa cha kawaida kwa wiki moja, na huufungua wakati nyumba haina mtu.

Kasuku anahitaji kutoka nje ya tundu kila siku. Atolewe mlango ukiwa umefungwa na mbwa akiwa uani, na mtu mzima awepo. Mtoto wa miaka saba si mtu mzima, hata akiwa amehifadhi juzuu.

Mbwa pia anahitaji kufundishwa. Si kwa fimbo. Mbwa anayepigwa kila anapomtazama ndege hujifunza kuwa ndege ndiye anayeleta maumivu, na siku ukiwa hupo atalipiza. Mfungeni kamba, mkae naye mbali na dirisha ambalo tundu laonekana, afundishwe kukaa na kuacha, na kila anapogeuza macho kutoka kwa ndege apewe kipande cha chakula. Dakika tano kwa siku, kwa majuma kadhaa. Lengo si kuwafanya marafiki. Lengo ni kwamba siku mlango utakaposahauliwa wazi, na utasahauliwa, mbwa asikilize sauti ya mwenye nyumba walau kwa sekunde tatu za kumshika. Zipo mbegu za mbwa na zipo tabia za mbwa ambazo hata hilo halitoshi. Aliyekwisha kuua kuku wa jirani msimjaribu kabisa.

Tumesimuliwa kisa cha kuchekesha katika hili. Kasuku wa nyumba moja alijifunza mluzi ambao baba humwitia mbwa. Basi kila watu wakisimama kuswali magharibi, kasuku hupiga mluzi, mbwa hukwaruza mlango kwa kucha akitaka kuingia, kasuku hucheka kwa sauti ya mama. Ni kichekesho, lakini wenye nyumba walifanya vyema kubadilisha mluzi, kwani ndege alikuwa anamwita mla nyama wake mwenyewe. Na kwa vijana wanaopenda kutuuliza: ndiyo, Mahanafi waliandika zamani kwamba aya ya sijida ikisikika kutoka kwa ndege aliyefundishwa, haimlazimu msikilizaji kusujudu, kama isivyomlazimu kwa mwangwi.

Kuna hatari ambazo hazina meno. Wengi wetu tunapika kwa mkaa. Mapafu ya ndege ni mepesi mno. Moshi unaokuwasha macho wewe, yeye unamuua. Tundu lisikae jikoni wala karibu na dirisha la jiko, na vikaango vya siku hizi visivyogandisha chakula visisahauliwe motoni, maana vikipita kiasi cha joto hutoa hewa inayomwangusha ndege chumba cha pili. Dawa ya mbu ya kupuliza ni hivyo hivyo. Tena lipo la avoka. Katika nchi hii avoka zinaanguka zenyewe mtini, na mtoto anagawana na kila kiumbe. Kwa kasuku avoka ni sumu, na chokoleti ni sumu kwa wote wawili, ndege na mbwa. Vitunguu vya mabaki ya pilau vinaharibu damu ya mbwa.

Nafaka anazomwaga kasuku huvuta panya. Panya huvuta sumu ya panya, na panya aliyekula sumu huliwa na mbwa. Tumeona mbwa watatu wamekufa hivyo katika mtaa mmoja, na majirani wakaanza kushukiana uchawi. Fagieni chini ya tundu kila jioni.

Kinyesi cha kasuku kikikauka na kupeperuka kinaweza kubeba homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria unaofanana na homa ya mapafu. Mwaka 1929 na 1930 ulienea nchi nyingi kwa sababu ya kasuku waliosafirishwa kuuzwa. Mbwa pia anaweza kuambukizwa, ingawa ni nadra. Unatibika kwa dawa, ila daktari hataufikiria usipomwambia. Kwa hiyo mtu wa nyumba yenye kasuku akipata homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu, aseme zahanati kuwa nyumbani kuna ndege. Tundu lisafishwe kwa kitambaa kilicholowa, si kwa kufagia kikavu, na asisafishe mama mjamzito wala mzee mwenye pumu.

Ipo pia hesabu ya umri, ambayo hatujasikia mtu akiifanya. Baba wa miaka 45 akimpokea kasuku kijana leo, kwa makadirio ya kawaida ndege ataishi baada yake. Mbwa atakuwa amezikwa na kufuatwa na wengine watatu au wanne. Nani atamrithi kasuku? Binti atakayeolewa Huye? Kijana aliye chuoni Kampala? Sisi tunaona mwenye ndege wa namna hii amtaje katika wasia wake, jina la atakayemchukua, kwa ridhaa ya huyo atakayemchukua. Wengine walicheka tuliposema hivyo darasani. Ila hatuoni kwa nini mbuzi atajwe na kiumbe anayeita watoto kwa majina aachwe.

Anayetaka kununua kasuku na bado hajanunua, amwombe muuzaji karatasi. Akiambiwa zinakuja kesho, aondoke. Aliye na kasuku wa kijivu asiye na karatasi na anataka kutengeneza mambo yake, aende kuuliza RDB, ndio wenye dhamana ya wanyama wa porini hapa nchini. Asimwuzie jirani ili aondoe tatizo kwake.

Limebaki swali la wanafunzi wa darasa la Jumamosi, na tuliwaahidi jibu la maandishi. Kasuku akishuka akanywa katika bakuli la mbwa, kisha akatua begani mwangu, je, shati linafaa kwa swala? Kwa Mashafi, maji ya bakuli la mbwa ni machache na yamekwisha kunajisika kwa mate yake. Ndege akitua akiwa bado amelowa, mdomo au miguu, pale palipolowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akiwa amekauka na shati limekauka, hakuna kitu. Ukitilia shaka kama alilowa au la, asili ni tohara, swali na shati lako. Kisha mkitoka msikitini lihamisheni bakuli lile, mliweke upande wa lango, na muulizane nani aliacha mlango wazi mpaka ndege akafika uani.